Aliyeitika Ng'ambo ya Korongo

Nazijua hadithi za rafiki wa rafiki wa mtu. Hii si ya aina hiyo. Ilimpata dada yangu, tumbo moja, na nilikuwapo.

Dada alikuwa mtembeza wageni katika mji wa mlimani. Ziara yake ilianzia kwenye maporomoko ya maji, ikapita kanisa la mawe, ikaishia kwenye hoteli kubwa ambayo zamani ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua. Matangazo huiita "makao ya kale ya siha." Watu walikuwa wanakufa humo kila wiki, lakini hilo haliuzi vyumba. Kila asubuhi wauguzi waliwapanga wagonjwa kwenye ukuta ulio ukingoni mwa korongo, wakawaamuru waite kwa nguvu kuelekea ng'ambo ili mapafu yafunguke. Korongo likawajibu. Siku hizi wageni huita palepale, wakacheka, wakapiga picha.

Siku za ukungu mwangwi hufifia, na mgeni aliyekosa mwangwi hununa kama aliyeibiwa. Basi watembezaji walikuwa na ujanja wao. Mwenzao mmoja, waliyemwita Redio, alijificha kwenye njia iliyo chini ya ukuta na kujibu.

Siku hiyo shule zilikuwa zimefungwa, dada akaja kazini na bintiye. Mimi nilikuwa nimewatembelea tu. Ukungu ulikuwa umejaa hadi ukutani, na wageni walishaanza kutazama saa zao. Dada akamwinamia mtoto.

"Hebu ita wewe, mwanangu. Wewe unayo sauti."

"Mamaaa," mtoto akaita.

Kimya. Kisha, kutoka ng'ambo: "Mamaaa." Sauti ileile, hata mkwaruzo wa mafua. Wageni wakapiga makofi.

"Redio leo kajitahidi," dada akaninong'oneza. "Kawa msichana kabisa."

Redio akatokea nyuma yetu, upande wa barabarani, akihema.

"Nisamehe, dada. Pikipiki imepata pancha. Mmeshaanza?"

Ng'ambo ya korongo hakuna njia. Ni mwamba mtupu.

Nyumbani kwa dada, hatua chache kutoka ukutani, mezani, akamuuliza mtoto, "Mikono umenawa?"

"Umenawa," mtoto akasema.

"Acha mchezo."

"Mchezo."

Hakuwa anacheka. Tulimsemesha mpaka midomo ikatukauka. Alirudisha mwisho wa kila tulichosema, macho makavu, hapepesi. Daktari alimchungulia koo, akatupatia dawa ya kikohozi.

Kesho yake alasiri tulikuwa tunaanua nguo. Ukungu ukapanda. Sauti ikaja kutoka korongoni.

"Mama, huku kuna watu wengi."

Mtoto alikuwa ameketi mlangoni, midomo imefumbwa.

"Mama, wanakohoa."

Shuka likamponyoka dada. Hakuliokota.

"Mshike," akaninong'oneza. "Usimwachie."

"Unakwenda wapi?"

"Kuitika. Jana aliniita mimi, nami nikaacha aitikiwe na mwingine."

Nilimkumbatia mtoto. Alikuwa baridi. Nikamsikia dada mbali, ukutani.

"Abee, mwanangu."

Mara moja tu. Kisha kikohozi kimoja. Kisha vingi. Kisha kimya.

Mtoto akashtuka mikononi mwangu.

"Mama mdogo, unanibana."

Sauti yake. Maneno yake. Nililia kama mjinga, mimi ninayejidai siamini kitu.

Dada akapanda njia polepole, nguo zimelowa chepechepe, ingawa mvua haikunyesha. Nikamkimbilia.

"Amerudi, dada. Mtoto amerudi."

Akanitazama. Hapepesi.

"Amerudi," akasema.

Mtoto namlea mimi sasa, na mama yake namtunza mimi pia. Dada anapika, anafua, hutabasamu ukitabasamu. Nimekwenda ukutani mara nyingi. Nimefungua mdomo niite, nikamfikiria mtoto, nikaufunga.

Hoteli haijambo. Wageni husifu mwangwi wa pale kuwa hauna mfano: siku za ukungu huanza wenyewe, kabla mtu hajaita. Ni sauti ya mwanamke, wanasema, yenye subira. Inamsihi mtoto fulani avae sweta.