Herufi Iliyodondoka

Lifti ilikuwa imejaa hadi mlangoni siku walipokutana. Mchora ramani, ndani ya gauni lake la kijani lililonyooshwa vizuri, alishakata tamaa ya kupanda, ndipo fundi wa kompyuta akasema, "Subiri, dada, nafasi ipo," kisha akatoka yeye na kushika ngazi. Ofisi nzima ilimwita Bwana Subiri, maana kila aliyempelekea shida alijibiwa neno hilo hilo. Mchora ramani naye akaanza kumwita hivyo, ila kwa sauti nyingine kabisa.

Mapenzi yakanoga. "Umekula, mpenzi?" "Sijala, nakuwaza wewe." Upuuzi mtamu wa watu wasio na haya. Mpaka siku moja, mchora ramani alipojikaza na kumweleza fundi jambo aliloogopa kulisema: aliwahi kuolewa, na ndoa ikavunjika.

Fundi akasema, "Subiri kidogo, mpenzi. Nitakujibu."

Kesho yake ikawa zamu ya mchora ramani kuwekewa mfumo mpya kwenye laptopu ya kazi, kwani kampuni ilikuwa inaachana na ule wa zamani. Akaiacha kwa mafundi pamoja na chaja yake. Jioni akapata ujumbe kutoka kwa mpenzi wake: "Nimekufuta. Ya zamani yamekwisha. Kesho uje uchukue vitu vyako."

Akausoma mara mbili. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, akaichukua simu na kusoma.

"Hata kupiga simu ameshindwa?"

"Alisema atanijibu, dada. Ndiyo amejibu."

Simu ikaita, ikaita tena. Hakupokea. Alilia mpaka mto ukalowa, na sikwambii alivyojilaumu kwa kufungua mdomo.

Asubuhi alivaa suti nyeusi, akapaka wanja kuficha macho yaliyovimba, akaenda kwa mafundi. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu amekumbatia laptopu yake.

"Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

"Hivi hapa, laptopu na chaja. Mbona hupokei simu, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Mtu ukishamfuta, mwache na amani yake."

"Nimemfuta nani?"

Akamwekea simu mbele ya pua. Fundi akasoma, akarudia, akajishika kichwa.

"Nilitaka kuandika nimekufutia. Mfumo wa zamani. Kuna i imedondoka."

"I?"

"I tu, mama. Nimekufutia."

"Muongezee hiyo i, ndugu yangu," akasema mmoja kwenye foleni, "wenzenu tuna kazi."

Mchora ramani alitaka kucheka, lakini alijizuia. Akainama juu ya kaunta na kushusha sauti. "Na lile la juzi je?"

"Mafaili yako yote yapo, nimeyahamisha bila kupoteza hata moja," fundi akajibu, naye kwa sauti ya chini. "Na wewe sitaki ufute kitu. Nilikwambia usubiri kwa sababu iliniuma kusikia uliumizwa. Nilikosa neno, basi. Nakupenda na yako yote."

Kisha akatoa simu, akabofya taratibu. Ya mchora ramani ikatetema mkononi. Ujumbe ulisema: "Nataka kukuoa."

"Hapa napo herufi haijadondoka?" akauliza, midomo ikimcheza. "Hukutaka kuandika kukuona?"

"Kukuona nakuona hapa. Soma hivyo hivyo."

Machozi yakamjaa tena, na safari hii aliyaacha yaharibu wanja. Alikuwa na furaha mpaka akaogopa kusema lolote mbele ya watu wale. Akakusanya laptopu na chaja.

"Subiri," akamwambia, akaondoka.

Nyuma yake foleni nzima ikaangua kicheko, na Bwana Subiri akabaki ameduwaa. Mchora ramani akaingia kwenye lifti, akaandika polepole, akikagua neno baada ya neno kabla ya kutuma:

"Nimekubali. Jumapili uje uzungumze na dada. Tafadhali, usimwandikie."