Aliyemsuka Kidoti

Kinyozi hajinyoi, na huyu hakuwahi hata kujaribu. Kila Jumapili asubuhi alikaa kwenye kigoda uani, taulo shingoni, mkewe akimzunguka na mkasi huku akimtania kwamba kichwa chake kina kona kama kabati. Binti yao, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi iliyokuwa kidevuni mwake, alifagia nywele za baba kwa ufagio uliomzidi kimo.

Mke alikuwa msusi. Saluni yao ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: upande wa barabarani kiti cha kuzunguka na mashine za kunyolea, upande wa ndani benchi, kioo kirefu, na wanawake wasioishiwa maneno. Msusi yule alikuwa na tabia zake. Akitaka mteja ainame, hakusema. Alimgonga kichwani mara mbili kwa kifundo cha kidole, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Na kila alipomaliza mstari, ncha ya nywele aliikunja ndani na kuificha, usiione imeishia wapi. Mwisho aliyapasha mafuta joto viganjani, akayapaka kwenye njia za kichwa. Wasusi wengine walijaribu kumwiga wakashindwa.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani, imelipa kisogo bonde la miti. Kutoka bondeni walikuja tumbili. Walikuja mchana kweupe, bila haya, wakaingia majikoni kama wakwe. Walibeba mikate, walifunua matangi ya maji wakaogea humo, walivunja mahindi machanga kwenye vibustani na kutupa nusu. Watu waliweka mawe juu ya mifuniko, wakaegemeza matawi ya miiba ukutani, wakafunga madirisha kwa kamba. Kazi bure. Siku moja tumbili dume aliingia saluni, akapora nywele za bandia za mteja, akapanda nazo kwenye bati, akazivaa. Mtaa mzima ulitoka kumtazama. Msusi alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, machozi yanamtoka, anasema, "Jamani, zimempendeza kuliko mwenyewe!"

Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho watu wanachokikumbuka. Wiki hiyohiyo, mchana, alisema kichwa kinamuuma, akaenda kujilaza ubavu, mkono chini ya shavu. Kinyozi alipoingia na chai ya kumwamshia, chai ilipoa mkononi mwake.

Baada ya mazishi, dada yake Kinyozi alihamia pale kusaidia malezi. Alikuwa mwanamke wa vitendo, mpishi wa shule, hajui kukaa. Lakini kichwa cha Kidoti kilimshinda. Mtoto hakutaka mtu yeyote amshike nywele. Ukimsogelea na kitana alipiga mayowe mpaka sauti ikakatika. Nywele zikajifunga mafundo, zikashikana kama sufi ya mto wa zamani. Kinyozi, aliyeshika vichwa vya watu kutwa nzima, alirudi jioni akakitazama kichwa cha mwanawe na hakujua aanzie wapi.

Ndipo siku moja umeme ulipokatika, mashine zikazima, akafunga saluni mapema akarudi nyumbani. Alipitia uani. Kidoti alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, amewapa miti mgongo, anaongea polepole kama mtu anayesimulia. Nyuma yake, ngazi ya juu, alikaa tumbili jike. Mikono yake miwili ilikuwa ndani ya nywele za mtoto.

Kinyozi aliokota jiwe. Tumbili akaruka ukutani, akatoweka.

"Amekuuma? Amekukwaruza? Hebu nione!"

"Hajaniuma, Baba. Alikuwa ananichambua."

Akamkagua kichwa chote. Hakukuta mchubuko. Alichokuta ni njia moja, imepasuliwa kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula.

Alijiambia tumbili huchambuana chawa, ndiyo kawaida yao. Akamwambia dada yake asimwache mtoto peke yake uani. Dada akaahidi. Lakini mwenye kazi za ndani hana macho mgongoni. Aligeuka kuteka maji, aligeuka kuanika nguo. Siku ya pili kichwani kwa Kidoti palikuwa na mstari mmoja uliosukwa. Siku iliyofuata, mingine miwili.

"Ni wewe umemsuka?" Kinyozi aliuliza.

"Mimi? Angeniacha?" Dada alimvuta mtoto karibu na dirisha, akaupapasa mstari wa kwanza kwa kidole kuelekea kisogoni. Ulipoishia hapakuwa na ncha. Ilikuwa imekunjwa ndani na kufichwa. Dada akauondoa mkono haraka, kama aliyeshika sufuria ya moto. Akamvuta kaka yake pembeni, akanong'ona.

"Kaka, unaujua msuko huu?"

"Sijui misuko mimi."

"Ni twende kilioni, msuko wa msibani."

Watu wana maneno, na maneno hayo yalishafika mtaani kabla ya jua kuzama. Wengine walisema yule mnyama ni wa kutumwa, kuna mtu mwenye husuda aliyemmaliza mama na sasa anamtaka mtoto. Wengine walisema wapumbavu ni wale wanaomwachia mtoto acheze na mnyama wa mwituni. Wote walikubaliana jambo moja: mtegaji wa wanyama aitwe.

Kinyozi aliwaomba wasubiri. Hakuwaambia kwa nini. Siku iliyofuata alitoka asubuhi kama anayekwenda kazini, akazunguka, akarudi kwa mlango wa mbele, akajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, jicho kwenye ufa.

Tumbili jike alikuja saa za mchana, jua likiwa katikati. Alikuja peke yake. Hakugusa mkate uliokuwa dirishani. Alishuka ukutani taratibu, akakaa nyuma ya mtoto, akaanza kazi. Vidole vile vyembamba vyeusi vilipishana juu, chini, juu, chini. Kinyozi alikuwa ameviona vidole vikipishana hivyo kwa miaka yote ya ndoa yake.

"Taratibu, Mama," Kidoti alisema.

Tumbili akasita. Kisha akainua mkono, akakunja kidole.

Ko, ko.

Kidoti akainamisha kichwa.

Kinyozi aliziba mdomo wake kwa mikono yote miwili. Sauti fulani ilimponyoka hata hivyo. Tumbili akageuka, akautazama ule ufa. Hakukimbia. Akamtazama kwa muda mrefu, kisha akayainamisha macho, kama mke aliyekutwa analia na hataki kuulizwa.

Kinyozi angeweza kumfukuza. Hakumfukuza. Kwa siku kadhaa alifungua saluni na kufunga, akawanyoa watu vibaya, na kila mchana alirudi kusimama nyuma ya ule mlango. Hakumwambia hata dada yake. Alikuwa na hofu, lakini alikuwa na njaa pia, na njaa ilizidi hofu. Siku moja aliacha kikombe cha chai kwenye ngazi. Alipotoka baadaye alikikuta tupu.

Ambacho hakukiona ni mabadiliko ya mtoto. Au aliyaona akayafumbia macho. Kidoti alikuwa ameacha kula mezani. Alikula machipukizi ya mpera. Ukimwita kwa jina lake, aligeuza shingo upesi, akakukodolea macho, kisha akatazama mitini kama anayesubiri ruhusa.

Siku ile Kinyozi alichelewa kwa sababu ya mteja mmoja. Alipofika uani, ngazi ilikuwa tupu.

"Kidoti!"

Akachungulia jikoni.

"Kidoti, mwanangu!"

Aliinua macho. Mtoto alikuwa juu ya ukuta, miguu peku katikati ya miiba. Tumbili alikuwa amemshika kifundo cha mkono. Na mbele yao, kwenye kila tawi la bonde lile, walikaa tumbili. Kundi zima. Wamewaelekea. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyejikuna. Hata jani halikutikisika.

Kinyozi alirukia ukuta, akamdaka mtoto mguu.

"Niache, Baba. Naenda na Mama."

Akavuta. Tumbili naye akavuta. Mtoto akanyooka katikati yao kama nguo inayokamuliwa.

"Mnaniumiza!" Kidoti akalia.

Tumbili akaachia.

Asubuhi iliyofuata Kinyozi alimwita mtegaji yeye mwenyewe.

Mtegaji alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye gari dogo la mizigo na kizimba cha nondo. Aliwahimiza watu wachume matunda yaliyoiva na kufunika taka vizuri, maana mgeni hurudi alikokula. Kisha akaweka kizimba chini ya mpera, ndizi mbivu ndani, wakajitenga. Kidoti alifungiwa chumbani na shangazi yake. Sauti yake iliwafikia uani.

Tumbili jike alikuja. Alikaa nje ya mlango wa kizimba. Hakuzitazama zile ndizi. Alitazama dirisha la chumba.

"Huyu mjanja," mtegaji akanong'ona. "Haingii leo."

Kinyozi aliinuka. Mtegaji alimvuta shati, akajinasua. Alikwenda mpaka kwenye kizimba, akapiga magoti, uso kwa uso na mnyama.

"Mama Kidoti," alisema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia jioni za kawaida, mkewe anapokawia kwenye kamba ya nguo. "Ingia ndani, mke wangu. Mvua inakuja."

Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu.

Tumbili akamtazama. Akaingia. Akakaa, mikono mapajani. Mlango ukaanguka.

Mtegaji alishindwa kusogea. Kisha akauliza tu, "Nimpeleke wapi?"

"Mbali. Asiumizwe. Tafadhali, asiumizwe."

Kesho yake mtegaji alirudi bila kuitwa. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama aliyekuja kutoa pole.

"Nilimfungulia ng'ambo ya mto, kwenye msitu mzuri. Hakutoka. Nikakaa garini nimwache atulie. Baadaye nikaona amejilaza ubavu." Akaikunja kofia. "Aliweka mkono chini ya shavu, ndugu yangu. Kama mtu. Nilipomgusa alikuwa ameshakufa."

"Ukamtupa?"

"Nilimzika. Nimetega wanyama tangu ujana wangu, sijawahi kumzika hata mmoja."

Kinyozi alishukuru, akafunga mlango, akauegemea. Mara ya kwanza alikuwa na watu wa kumshika. Safari hii, je, angemwambia nani kwamba amefiwa?

Shangazi ndiye aliyesema kichwa cha mtoto kisiachwe vile. Kazi ya mkono ule isibaki juu ya mtu aliye hai. Kinyozi akampeleka Kidoti saluni, akaweka ubao juu ya mikono ya kiti, akampandisha. Pazia lilikuwa limefungwa upande wa pili. Kioo kikawaonyesha wote wawili, baba na binti, macho yamevimba sawasawa.

Akawasha mashine. Mstari wa kwanza ukaanguka sakafuni mzima, haukufumuka.

Mtoto hakupiga mayowe. Alitazama nywele zake zikidondoka, kisha akamtazama baba yake kwenye kioo.

"Baba," aliuliza, "sasa atanijuaje?"

Mashine iliendelea kunguruma hewani, mkono umeganda. Wapita njia walimwona kinyozi amesimama hivyo mpaka mmoja akaingia kuuliza kama kuna tatizo. Akamaliza kazi. Alimnyoa mwanawe kipara, vizuri, bila kumkwaruza.

Tumbili hawakurudi tena mtaani. Mahindi yalikomaa, mikate ilipoa dirishani bila mlinzi, na majirani walimsifu Kinyozi kwa kuukomboa mtaa. Kidoti alirudi kula mezani. Alianza shule. Nywele zake ziliota tena, nyeusi, nzito, kama za mama yake, ila hazikuota kila mahali. Kati yake zilibaki njia tupu, zimenyooka, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Daktari alisema ni kovu la kusukwa kwa kubana, litapotea. Halikupotea.

Kinyozi humchana yeye mwenyewe siku hizi, kila asubuhi kabla ya shule. Mtoto haambiwi ainame, huinama mwenyewe. Nyumbani mwao hawanunui mafuta ya nywele, wala Kidoti hapakwi chochote. Lakini baba anapopitisha kiganja juu ya zile njia, kiganja hutoka kimelowa mafuta, yenye joto, kama yaliyopakwa muda huohuo.

Haulizi. Hamwambii dada yake. Humfunga mtoto kamba za viatu, akamsindikiza mpaka mlangoni, kisha akasimama peke yake uani, akaupaka uso wake kwa kile kiganja.