Kisigino cha Chiriku

Habari hii nilisimuliwa na mjukuu wangu Jumapili iliyopita, tukikunja nguo, siku ya tatu tangu aje likizo kwangu. Yeye anaishi ng'ambo na mama yake, ambaye ni binti yangu. Binti yangu anafua mashuka ya hoteli, zamu ya usiku. Akirudi asubuhi miguu imevimba, hunywa chai amesimama, maana akikaa tu usingizi humchukua na kikombe mkononi.

Basi mjukuu wangu akajiwekea sharti: mama akilala, haamshwi. Hufungua bomba polepole, hutembea kwa soksi, na mtu akibisha hodi huukimbilia mlango kabla hajabisha tena. Hakuna aliyemwagiza. Ni huruma yake tu.

Mwezi uliopita binti yangu alipata mapumziko ya siku mbili. Badala ya kulala, akampeleka mwanawe ufukweni pamoja na rafiki yake wa ghorofa ya chini, msichana wanayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Wakakodi chumba kimoja, hatua chache kutoka majini.

"Chezeni hapa hapa ninapowaona," binti yangu aliwaambia, akitandika kanga mchangani. "Mimi nanyoosha mgongo dakika tano tu."

Dakika tano gani! Kabla hawajavua viatu, alikuwa anakoroma.

"Mama yako ni trekta," Chiriku alisema.

"Nyamaza wewe. Trekta hilo ndilo lililokuleta huku."

Wakaenda ukingoni mwa maji wakicheka. Chiriku akaruka wimbi la kwanza, la pili, mara akapiga ukelele na kukaa chini. Kipande cha chupa kilikuwa kimemwingia kisiginoni.

"Mwite mama yako!"

"Ndiyo kwanza amelala. Hajalala vizuri wiki nzima. Tulia, nitakufunga mimi."

Akakivuta kile kioo, kikavunjika, nusu ikabaki ndani. Akakiosha kisigino kwa maji ya bahari, akakifunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Kitambaa kikalowa damu. Akakikamua, akafunga tena.

Mlinzi wa waogeleaji akapita karibu. "Kuna nini hapo? Mkubwa wenu yuko wapi?"

"Hakuna kitu, mjomba. Mama ameenda dukani, anarudi sasa hivi."

Mlinzi akaenda zake. Ikapita karibu saa nzima. Kilichomtisha mjukuu wangu hasa ni kwamba Chiriku alikuwa amenyamaza. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Chiriku, sema kitu. Nitukane basi!"

"Nimechoka," Chiriku alisema, akafumba macho.

Hapo mjukuu wangu akatimua mbio, akamtikisa mama yake kwa mikono miwili. Binti yangu hakuuliza maswali. Alimbeba Chiriku mgongoni, kwa miguu yake ile ile iliyovimba, mpaka zahanati iliyo kando ya barabara. Muuguzi akatoa kioo, akasafisha kidonda, akashona nyuzi nne na kumchoma sindano ya pepopunda.

"Mguu utapona," alisema. "Lakini mngemleta mara moja, asingepoteza damu yote hii."

Jioni chumbani, mjukuu wangu alimsimulia mama yake yote yaliyotokea, kisha akasema, "Mama, nilikuonea huruma."

"Najua. Na yule mlinzi, ulimdanganya kwa huruma pia?"

Mtoto akainamisha kichwa. "Niliogopa angekuamsha."

"Sikiliza, mwanangu. Uchovu wangu naweza kuulala kesho. Damu ya mtoto wa watu haingoji kesho. Mtu akiumia, niamshe, hata kama nimefumba macho dakika hiyo hiyo. Na mkubwa akikuuliza kuna nini, mwambie kuna nini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Sasa, mama yake Chiriku nimpigie simu mimi, au wewe?"

"Nitampigia mimi."

Akampigia, akaeleza yote, hata ule uongo wa dukani. Alipokata simu, Chiriku alikuwa ameshalala, mguu juu ya mto. Mama mtu akajilaza, akasema watapokezana kumwangalia mgonjwa, na sentensi hakuimaliza. Mjukuu wangu akaigusa bendeji. Ilikuwa kavu. Akajivutia shuka, naye akalala.