Geuka, Niandike Paswedi

Foleni ya fotokopi ilisukumana, kiwiko cha dada mmoja kikagonga kikopo kwenye meza ya fundi kompyuta, skrubu zikaruka sakafuni kama bisi.

"Dada, hizo ni za kompyuta tatu!" fundi alilia. Alipoinua macho akaona gauni la njano na uso uliojaa aibu, hasira zikamwisha. "Basi, usijali. Nitakisia."

"Utakisia skrubu? Ndiyo maana laptopu za watu zinarudi na matundu!"

Wakacheka, wakaziokota pamoja, vichwa vikikaribia kugongana.

Dada alikuwa mpiga chapa wa tasnifu za wanachuo, mwepesi mpaka wenzake wakamwita Vidole. Kesho yake akarudi na laptopu. Mchumba wake wa zamani alikuwa akiifungua kila yeye akitoka, anasoma hadi meseji za mama yake. Paswedi zote alizikisia.

"Hii hataikisia," fundi alisema. Akaingia kwenye bayosi, ule ukurasa unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri. "Hapa nazuia isiwake kwa flashi ya mtu. Na hapa unaweka paswedi. Ukiisahau, tutalia wote. Andika."

Akageuka, akatazama ukuta.

"Mbona umenipa mgongo?"

"Ya kwako ni ya kwako."

Mgongo ule, na shati lake la bluu lililopauka mabegani, ndio Vidole alioupenda kwanza.

Miezi minne wakawa chanda na pete.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sauti yako sijashiba."

Ijumaa moja fundi akamwongezea memori. Jumatatu chaji ikaisha, laptopu ikazima kabisa. Kwa kawaida Vidole huifunika tu, ikalala. Sasa ikaomba paswedi. Akaandika kwa kidole kimoja, akitazama kila herufi, maana pale zinatokea nyota tu. Ikakataa. Akarudia. Ikakataa. Na tasnifu ya mtu ilitakiwa saa kumi.

Akapiga simu. "Umebadilisha paswedi yangu!"

"Mimi? Mpenzi, hata siijui."

"Ijumaa ilishinda kwako! Nyie wote baba mmoja mama mmoja."

"Vidole, nisikilize..."

"Usiniite Vidole!" Akakata.

Fundi alibaki na bisibisi mkononi. Kuitwa mwizi angevumilia. Kufananishwa na yule mchumba wa zamani kulimchoma. Angeweza kununa, amwache atafute fundi mwingine. Akafunga meza, akaenda ofisini kwa Vidole.

Macho ya Vidole yalikuwa mekundu. Hata kiti hakumpa. Fundi hakugusa laptopu, aliitazama tu, akakunja uso, kisha akajizuia kucheka.

"Vitufe vinang'aa. Ulivisafisha?"

"Jumamosi. Nilimwaga chai, nikavibandua, nikavipiga mswaki. Inahusu nini?"

"Fumba macho. Andika kama unavyoandika kazini." Akageukia ukuta.

Vidole vikakimbia vyenyewe. Laptopu ikalia kidogo, ikawaka.

"Sasa fumbua, utafute M na N."

Akatazama. Kila moja ilikuwa imekalia kiti cha mwenzake! Na aliyezikalisha ni yeye mwenyewe. Kazini hatazami vitufe, angejuaje? Akaziba uso kwa viganja.

"Nimekutukana bure. Nisamehe, mpenzi."

"Nilishasamehe ulipokuwa unaandika."

"Basi geuka nikutajie paswedi, yaishe."

"Sitaki! Siku ikigoma tena, mshtakiwa wa kwanza ni mimi."

Vidole akacheka, machozi bado mashavuni.

"Kuna kitu kimoja tu nataka kukijua," fundi alisema, bado ameutazama ukuta, masikio yakimwaka. "Jumapili nikimleta mama yangu kwenu, mtatufungulia?"

Halafu akasikia vitufe vikigongwa nyuma yake, haraka haraka.

"Geuka."

Kwenye kioo, chini ya mstari wa mwisho wa tasnifu, palikuwa na herufi kubwa: NJOO MAPEMA.

"Umesoma?" Vidole aliuliza, akijifuta machozi kwa kiganja. "Haya nifute, mwenye tasnifu asije naye."