Ukuta Mweupe wa Stendi

Walikutana stendi kuu, saa ya watu kupigana vikumbo, tone la rangi nyekundu lilipomdondokea msanii kwenye skafu ya sufu. Jua linachoma, yeye na skafu. Msanii, bwana!

"Samahani, kaka!" fundi wa mabango alimwita kutoka juu ya ngazi, ovaroli lake madoa matupu.

"Usijali, dada. Doa hili linaongea."

"Basi liambie linyamaze, nina kazi."

Mapenzi yakaanzia hapo.

Msanii huyo hakushika brashi. Kazi yake ilikuwa kuwaza sentensi. Kuipaka ukutani, herufi moja urefu wa mtu, alimwachia mpenzi wake. Jina lililoandikwa chini likawa la msanii peke yake. Watu walisimama, wakashika videvu, wakasema "mmh". Kwenye simu alimwita "roho yangu", na siku moja fundi, roho yake huyo, akamnong'oneza jambo la nyumbani kwao ambalo hata mama yake mzazi hakulijua.

Juma lililofuata msanii akamletea mchoro, umekatwa miraba kama kawaida. Fundi hufuata mraba, hasomi; ukiwa juu ya ngazi, herufi ni rangi tu. Siku ya tatu akashuka, akarudi nyuma hatua ishirini, akasoma:

BABA ALIRUDI. NILIFUNGA MLANGO KWA NDANI.

"Mlango ni jamii," mhakiki mwenye miwani ya duara alikuwa akiwaeleza wapita njia.

Fundi akapiga simu. "Umefanya nini?"

"Roho yangu, nani atajua ni wewe?"

"Mama anapita hapa kesho. Mwandiko wangu anaujua."

"Mpenzi, hii ni sanaa..."

"Ni baba yangu!"

Akanunua ndoo mbili za chokaa. Kufikia jioni ukuta ulikuwa mweupe pe. Watu wakapiga makofi! Mhakiki machozi yalimlengalenga: "Kimya! Hatimaye ameandika kimya!"

Asubuhi mama akapita na kikapu chake. "Aliyepaka hapa ana mkono mzuri," akasema, akaenda zake. Simu ya fundi ikaita.

"Mpenzi, umesikia? Ukuta mweupe umenipa tuzo! Tuyamalize, roho yangu. Tuoane."

"Umewaambia nani kaupaka?"

Kimya. Hiki sasa kilikuwa cha kweli.

"Unajua... watu wameshalizoea jina langu."

"Basi waoe hao."

Akazima simu, akachovya brashi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alitaka ubao wake uandikwe KINYOZI, na kwa kuwa alikuwa kinyozi, hakuhitajika mtu wa kuufafanua.