Lebo za Vichupa Viwili

Kila siku nilipotoka shule nilipitia makumbusho, kwenye chumba cha nyuma alikofanyia kazi mama. Mama ni mwanasayansi wa mbegu. Udongo uliochimbwa kilimani, walikoishi watu wa kale, huletwa kwake kwa mifuko, naye huumwaga kwenye pipa la maji na kuukoroga taratibu. Udongo huzama, mbegu zilizoungua zamani huelea. Huzikusanya kwa chujio, huzikausha, kisha huzitazama kwa hadubini moja moja mpaka macho yanamwuma. Hivyo ndivyo alivyogundua kwamba watu wa kilima kile walilima mtama mapema kuliko ilivyodhaniwa.

Ijumaa moja nilikuta ubao mpya ukutani, tayari kwa maonyesho ya kesho yake. Uliandikwa: "Mbegu hizi ziligunduliwa na mkuu wa uchimbaji." Jina la mama halikuwepo, hata kwa herufi ndogo.

Asubuhi hiyohiyo Redio, msichana wa darasa letu asiyejua kufunga mdomo, alikuwa ameniuliza mbele ya wenzetu, "Eti kazi ya mama yako ni kufua udongo?" Walicheka mpaka kengele ikalia.

"Mama, umeuona ubao?"

"Nimeuona."

"Na umenyamaza?"

"Nina kazi, mwanangu. Sogea, unanizibia mwanga."

Nilisogea, lakini damu ilinichemka. Mkuu wa uchimbaji, ambaye tulimwita Kofia kwa kuwa hakuivua yake hata ndani ya nyumba, angesifiwa kesho kwa kazi ya macho ya mama yangu. Basi na aumbuke. Mama alipotoka kunawa, nilibandua lebo za vichupa viwili, cha tabaka la juu, lenye mbegu za juzi, na cha tabaka la chini kabisa, lenye za kale, nikazibadilisha. Nilimwona Kofia kichwani mwangu akiwaonyesha wataalamu mtama wa juzi na kuuita wa kale, wao wakinong'onezana, jasho likimtiririka. Nilirudi nyumbani nikitabasamu njia nzima.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mama akifunga kichupa ndani ya sanduku dogo lenye pamba. Kofia alisimama karibu naye, akitazama saa.

"Kinaenda wapi hicho?" niliuliza.

"Kupimwa umri. Gari linakuja sasa hivi," mama alisema. "Mbegu huchomwa zinapopimwa, kwa hiyo hakuna kurudia. Zikionekana ni za juzi, kazi yangu ya miaka mitatu imekwisha."

Kofia asingepoteza kitu. Wa kuumbuka alikuwa mama.

"Mama, hicho sicho. Nilibadilisha lebo."

Mama hakunigombeza. Alifungua kichupa, akaweka mbegu mbili chini ya hadubini, akazilinganisha na michoro yake. "Kweli," alisema mwishowe. "Hizi ni za juu." Akaweka kichupa cha pili sandukuni.

"Nani amemruhusu mtoto huyu humu?" Kofia alifoka. "Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Kwa sababu ubao unasema uligundua wewe."

Kofia alimgeukia mama. "Ubao uliandikwa na ofisi."

"Ofisi iliandika ulichoipa, mkuu," mama alijibu kwa sauti ya chini. "Mwanangu amekosa, na adhabu ataipata. Lakini amesema kweli. Mimi ndiye niliyenyamaza kupita kiasi."

Kofia alivua kofia. Kumbe alikuwa na kipara. Alitoka, akaung'oa ubao. Wageni walipofika walikuta karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ina jina la mama, na mama mwenyewe ndiye aliyewaeleza. Redio alikuja na wazazi wake. Nilimtazama mpaka akainamisha macho.

Jioni mama alinipa adhabu yangu: kuandika upya lebo za vichupa vyote, mia moja na ishirini, kwa mwandiko safi.

"Sikiliza," aliniambia. "Kofia aliweka jina lisilo la kweli kwenye ubao. Wewe ukaweka tabaka lisilo la kweli kwenye kichupa. Mna tofauti gani? Anayestahili sifa apewe, na akinyimwa, adai waziwazi. Uongo hauwezi kumrudishia haki yake."

Niliandika lebo tatu.

"Bado una hasira naye?" aliuliza.

"Kidogo."

"Hata mimi," mama alisema, akarudi kwenye hadubini. "Siku nyingine tutaanza kwa kusema."