Samaki Wanaotazama Barabarani

— Shadia, toka hapo mlangoni! Usije ukawatia samaki nuksi tena.

Huyo ni mama mkwe wangu, Bi Zaituni. Nikasogea. Fundi Alphonce alikuwa na tindo, anang'oa miimo ya mlango wa nyumba yao ya zamani, hapa Ujiji. Kila mwimo umechongwa samaki. Wazee wao waliwachonga vichwa vikitazama ndani, ili watoto waingie. Lakini tangu niolewe, samaki wanatazama barabarani, na mimi sijazaa.

— Harusi yako ndiyo iliwageuza, mama akasema. Leo nawarudisha. Usiposhika mimba, mwanangu anaoa mwingine.

Mume wangu Songoro alikuwa barazani, anachati. Hata hakuinua kichwa.

Alphonce akacheka.

— Nuksi gani, mama? Miimo inatembea? Niliibadilisha mimi, wa kulia nikaupeleka kushoto, wa kushoto kulia, samaki wakageukia nje.

— Weee! Nani alikutuma?

— Si huyu Songoro! Wiki ile ya harusi. Akasema mmekubaliana.

— Fundi, funga mdomo!

Songoro alimrukia, simu ikamponyoka. Nikaiokota. Meseji ikaingia, nikaisoma kwa sauti:

“Wakirudishwa itakuwaje, mpenzi? Uliniapia hatazaa mpaka umuache. Leonia.”

Mama akakaa chini pale pale kwenye vumbi la mbao.

— Songoro! Ulimfunga mkeo kizazi kwa mlango wa babu yako?

— Wewe si ndiye ulimkataa Leonia! Ukasema mwanamke wa Kidahwe haingii humu. Ulitaka nifanyeje?

Nikaona sasa basi.

— Songoro, mimi nina mimba. Mwezi wa tatu huu. Nilikuwa nasubiri itulie ndiyo niseme.

Alitazama miimo kwanza. Halafu ndiyo akatazama tumbo langu.

— Haiwezekani. Samaki walikuwa wanatazama nje. Hiyo mimba ya nani?

Alphonce akaweka tindo chini.

— Niandikie talaka, nikamwambia. Hapa hapa, mbele ya mama.

— Unanitisha?

— Nakuomba.

Akaandika. Akanipa karatasi.

Mama alinikimbilia mpaka kwenye bajaji, miguu mitupu. Analia, kiganja amekikandamiza tumboni kwangu. Usoni hakunitazama.

— Mjukuu wangu! Unampeleka wapi mjukuu wangu?

— Kwetu, mama. Toa mkono, dereva anataka kuondoka.